Mbuzi akishaingia zizini

Mwaka wangu wa kwanza wa uwezeshaji vijijini Singida, daftari la walengwa lilijaa majina ya akina mama, nami nikatembea kifua mbele. Tuligawa mbuzi wawili kwa kila kaya. Miezi sita baadaye nikarudi kwa mama mmoja na kumuuliza mbuzi wako wapi. Akamtazama mumewe. Mume ndiye akajibu: kawapeleka mnadani, kalipa deni la mbegu za alizeti.

Hakuwa mtu mbaya. Hatukumwita hata kwenye mkutano mmoja, na kwa desturi ya pale mbuzi akishaingia zizini ni wa mwenye zizi.

Tangu siku ile, kabla sijapendekeza mradi wowote nauliza: akiuzwa mnyama huyu, nani anakwenda mnadani na hela inalala kwa nani? Majibu hayafanani. Kuku, mama anauza bila kuomba ruhusa. Mbuzi, mke na mume wanajadiliana. Ng'ombe, mama anamkamua, basi. Lakini usikimbilie kuku kila mara, maana kideri, ugonjwa wa kuku, kikipita banda zima linakwisha. Chanjo yake ni tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu. Mfundishe mama mmoja kuchanja, majirani watamlipa.

Shirika la BRAC kule Bangladesh walianza mwaka 2002 na wanawake fukara kabisa: mifugo, posho ya kujikimu, akiba, na mtu wa kuwatembelea nyumbani kwa takriban miaka miwili. Watafiti walipofuatilia nani anamiliki nini, wakakuta mifugo iliyotolewa ilibaki mikononi mwa akina mama, ila mali mpya iliyonunuliwa baadaye mara nyingi ilikuwa ya wanaume. Niliposoma hilo nilicheka, kisha nikanyamaza. Kumbe ndiyo maana siku hizi naulizia hata baiskeli na mabati.

Halafu fomu zetu. Zinauliza "mkuu wa kaya", na mwenye wake wawili anapata mstari mmoja. Mke mdogo anayepika peke yake na wanawe haonekani. Mimi nahesabu majiko. Mtendaji mmoja wa kijiji alinibishia sana, hadi tulipozunguka naye jioni moshi ukitoka.

Malipo ya simu nayo yana mtego wake. Laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Mama asiye na namba anatumia laini ya mume au kijana wake, na ujumbe wa hela unamfikia mwenye simu kwanza. Anzeni na NIDA mapema, miezi kabla ya malipo.

Mafunzo tuliyaweka saa tatu asubuhi, muda wa foleni kisimani. Wengine walimwachisha binti shule siku hiyo ili akashike zamu ya ndoo. Tulipowauliza wenyewe wakachagua saa tisa alasiri, na waume wakaja wiki ya kwanza kusikiliza mifugo ni ya nani.

Ardhi bado inanishinda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume, lakini mjane anayetaka ekari moja ya alizeti bado anaambiwa awasubiri shemeji zake wakae kikao. Mjane mmoja kwenye mradi wangu anasubiri tangu masika yaliyopita.