Kabla Hujafunga Kifaa, Uliza Mto Ulifika Wapi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya vifaa vya kupima mafuriko, mimi kifaa changu cha kwanza nilikifunga ukingoni mwa Rufiji, kijiji kimoja kati ya Utete na Mloka, nikiwa na uhakika wote wa mtu aliyekijaribu kwenye ndoo. Kwenye ndoo kilisoma vizuri sana.

Ufundi wenyewe hauna maajabu. Kihisi, ambacho Kariakoo ukiomba "sensa" utapewa, unakining'iniza juu ya maji. Kinatoa mlio usiosikika kwa sikio, kinasubiri mwangwi, kinapiga hesabu ya umbali. Umbali ukipungua, maji yamepanda. Ongeza saketi ndogo, moduli ya kutuma ujumbe wa simu, betri na sola, umemaliza.

Wiki ya pili nikaona jambo. Kila mchana mto ulipanda sentimita saba, nane, na kila usiku ukashuka. Nilishaanza kutunga nadharia, mpaka nikamwonesha grafu bibi mmoja aliyekuwa anapepeta mpunga jirani na nguzo yangu. Akaitazama, akacheka. "Mjukuu wangu, mto gani huo unapanda saa saba mchana na kushuka usiku kama mgonjwa wa homa?"

Homa kweli, ila ya hewa. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20, na zaidi ya 352 ikiwa nyuzi 35. Maji yakiwa mita 4 chini ya kihisi, tofauti hiyo peke yake inakudanganya zaidi ya sentimita 10. Nikaweka kipimajoto ndani ya sanduku ili programu isahihishe. Sanduku lilikuwa la chuma, linachemka juani kuliko hewa iliyo juu ya maji, kwa hiyo sasa mto ukaanza kushuka mchana! Nilinyooka siku nilipokitoa kipimajoto nje, kivulini, upepo ukipita. Ndiyo hivyo, mwezi mzima ulikwenda.

Mengine niyapitie haraka. Nyigu hupenda mdomo wa kihisi na buibui naye hutandaza utando wake hapo. Brashi ndogo ikae kijijini, siyo kwenye begi lako. Kiboko akipita chini, mto "unapanda" mita nzima, kwa hiyo soma mara tisa, panga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati. Wastani usiuguse, kiboko mmoja anauharibu. Moduli ya simu inapotuma huvuta umeme mwingi kwa ghafla, hadi karibu ampea 2, na nyaya nyembamba zitaifanya ijizime na kujiwasha usiku kucha. Masika ndiyo wakati unaohitaji kifaa, na ndiyo wakati jua linapopotea. Kabla ya kusafiri, ifunike sola yako kwa kanga siku saba uone kama betri inafika. Nguzo yangu ya kwanza ilikwenda na maji, pamoja na ukingo wake. Wavuvi walikuwa wanajua ukingo upi unamegwa kila mwaka. Sikuwauliza.

Na laini ya simu. Niliisajili kwa alama za vidole vyangu, namba ninayo mimi, nikarudi Dar es Salaam. Salio likaisha katikati ya masika na kifaa kikanyamaza wiki mbili. Pale kijijini kulikuwa na duka la vocha hatua hamsini kutoka kwenye nguzo, lakini hakuna aliyeijua namba. Sasa laini inasajiliwa kwa jina la mjumbe wa kamati ya kijiji, na namba imeandikwa kwa rangi kwenye nguzo yenyewe.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa la umeme wala la sauti. Nilikwenda pale nikiamini mafuriko ni adui, basi kazi yangu ni kupiga kelele maji yakipanda. Kwenye mkutano wa kijiji, mzee mmoja akasimama akauliza: "Hicho chombo chako kinajua maji yakishuka?" Nikamjibu kwamba yakishuka hakuna hatari. Watu wakaguna.

Mrufiji anaishi kwa mlau. Maji yakijaa bondeni na kurudi mtoni, yanaacha udongo wenye rutuba na unyevu, na hapo ndipo zinapopandwa mahindi, kunde na mboga bila kungoja mvua nyingine. Mafuriko yasipokuja, mlau hakuna. Yakija makubwa, kama ya 1998 au ya Aprili 2024 yaliyozipiga Rufiji na Kibiti, mpunga unakwenda na nyumba zinakwenda. Watu hawa walishajenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, kabla sisi hatujazaliwa. Kuambiwa "maji yanakuja" si habari kubwa kwao. Wanachotaka ni kujua yatafika wapi na yataondoka lini. Na tangu Bwawa la Julius Nyerere, lililo juu kwenye mto huu huu, lianze kujazwa Desemba 2022, wazee wenyewe watakwambia mto hauendi tena kwa kalenda waliyoizoea.

Basi tukazima kompyuta, tukatembea. Walinionesha shina la mwembe maji yalipofika 1998, ngazi ya msikiti, kizingiti cha ghala. Tukapima kila alama kwa mpira wa maji wa kupimia usawa, ule wa mafundi ujenzi, tukapiga rangi kwenye mwembe: nyeupe, njano, nyekundu. Ujumbe hausemi tena "mita 3.42". Unasema "maji yamefika njano", na hata mtoto anaweza kwenda kwenye mwembe kukikosoa kifaa.

Mtandao ukizima, msikiti una kipaza sauti. Ila usijitangazie tu. Utabiri rasmi ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, mto una Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, na kijiji kina mtendaji. Wote hao wapitie kabla ya kuchimba shimo la nguzo. Tuliwahi kutuma "nyekundu" kwa sababu ya gogo lililokwama. Watu wakahamisha mbuzi na magodoro usiku kwenye matope. Safari iliyofuata, nusu yao hawakuinuka, na maji yalikuwa ya kweli.

Msimu huo huo, maji yalipoanza kurudi, kifaa kilituma ujumbe saa kumi na moja alfajiri: "yameshuka chini ya nyeupe". Saa mbili bibi akanipigia mwenyewe, kwa simu ya mjukuu wake, kuuliza kama kesho yake bado yatakuwa chini, maana mbegu alikuwa ameshaziloweka.