Kumuuliza mtu kama anawaza kujiua sio kumpa wazo

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama kijijini kwetu. Ndani ya mwaka mmoja tumezika watu wawili waliojiua, mmoja kijana kabisa, mwingine baba mtu mzima aliyekuwa na madeni. Kituo cha afya kipo mbali na hakina daktari wa magonjwa ya akili. Kwenye kikao tumesema jamani tufanye kitu, ila tumegawanyika, wengine wanasema hilo jambo ukilitaja unaliita, eti ukimuuliza mtu umempa wazo. Na sisi sio wasomi. Kweli kuna tunachoweza kufanya?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa misiba yote miwili.

Kuhusu kutaja, hao wanaoogopa waambie suala hili limechunguzwa mara nyingi tu na haijaonekana kwamba kumuuliza mtu kunampandikizia wazo. Mwenye wazo analo tayari, na wengi wakiulizwa wanashusha pumzi. Kazi ipo kwenye namna ya kuuliza. Ukisema "si huwazi mambo ya ajabu lakini, eti?" umeshamjibia, atasema hapana na mtaishia hapo. Kaa naye pembeni, mwambie unachokiona: "Naona siku hizi hulali, vitu vyako unagawa, watu unawakwepa. Mtu akibanwa hivi wakati mwingine anawaza kujiua, wewe je, unawaza?" Halafu nyamaza. Atachelewa kujibu, mvumilie, usianze mawaidha. Akikwambia ndiyo, usimwambie ni dhambi wala usimuulize watoto atamwachia nani, maana wengi wakifika hapo wameshajiaminisha kwamba watoto watapata nafuu wao wasipokuwepo, kwa hiyo hilo swali linamchoma tu. Muulize kama ameshapanga. Kama amepanga asiachwe peke yake hata kidogo, na siku hiyohiyo apelekwe kituoni, hata kama hakuna bingwa wa akili, kwa sababu tabibu na nesi wanaweza kuanza kumhudumia na kumpa rufaa. Na kama wewe unayesoma hapa ndio mwenyewe unawaza hivyo, mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno hayohayo, usizunguke.

Sasa kuna jambo vijiji vingi hatuliangalii kabisa, dawa za kuua wadudu shambani. Sri Lanka miaka ya 1990 ilikuwa kati ya nchi zenye watu wengi zaidi wanaojiua duniani kwa kulinganisha na idadi ya watu, na sehemu kubwa ilikuwa vijijini kwa dawa hizo. Serikali yao ikapiga marufuku zile kali zaidi, moja baada ya nyingine, na kufika 2015 kiwango cha kujiua kilikuwa kimeshuka kwa karibu asilimia 70, na mavuno hayakuporomoka kama wengi walivyohofia. Imewezekanaje wakati shida za watu zilibaki palepale? Kwa sababu kwa watu wengi ile hali ya hatari kabisa haikai muda mrefu, inaweza kuwa dakika, inaweza kuwa masaa, inapanda halafu inashuka, na mtu akiivuka bila kitu cha kumuua karibu naye anabaki hai. Msiamini yale maneno kwamba aliyeamua ameamua, maana waliojaribu na kuokoka, takriban 9 kati ya 10 hawaji kufa kwa kujiua baadaye.

Ila msikimbilie kununua masanduku ya kufuli kila nyumba. Hukohuko Sri Lanka walijaribu hilo vijijini kwa mapana, matokeo yakatoka 2017, hayakupunguza kitu. Bora dawa zisikae nyumbani kabisa, ziwe kwenye stoo ya pamoja yenye mtu wa kuitunza, na wakulima wenu wapaze sauti zile kali zaidi ziondolewe sokoni. Na nyumba yenye mtu aliye kwenye hatari, dawa na kila kitu hatari viondolewe siku hiyohiyo vikakae kwa jirani, msisubiri kikao.

Halafu kuna hili ambalo mimi naliona ndio lenu hasa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kufuatilia watu waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua, katika nchi 5. Wengine walipata huduma ya kawaida wakaruhusiwa, wengine wakaongezewa mazungumzo ya kama saa moja halafu wakawa wanatembelewa au kupigiwa simu, mara 9 ndani ya miezi 18. Hawa wa pili waliokufa kwa kujiua walikuwa wachache zaidi kwa mbali sana. Kumtembelea mtu mnashindwa nyie? Shida yetu ni kwamba akirudi kutoka hospitali tunamkwepa, tunanong'ona, na kwenye baadhi ya nchi sheria bado inamhesabu mhalifu, kwa hiyo familia inaficha. Nyie muwe wa kwanza kubisha hodi, na mrudi tena wiki inayofuata.

Kuhusu usomi, Zimbabwe tangu 2006 daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi kukaa kwenye benchi na kusikiliza watu wenye msongo na sonona, na utafiti uliotoka 2016 ulionyesha wagonjwa wao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Lakini walifundishwa na walikuwa na wa kuwasimamia, hilo msiliruke. Nendeni kituoni mkaombe mtu wa kuwafundisha hata siku chache, na mkubaliane nani anapigiwa simu usiku.

Na zile familia mbili zilizofiwa ndio muanze nazo. Waliobaki baada ya msiba wa aina hii nao wako kwenye hatari zaidi ya wengine, na kwa kawaida watu wakishatawanyika hakuna anayerudi. Nendeni wawili wawili, mtajeni marehemu kwa jina lake, msiulize alifanyaje, na mkitoka muongee nyie kwa nyie mliyoyasikia, kwa siri, maana yanalemea.