Maswali na majibu: Leza haikati plaiwudi? Ondoa mkono kwenye kitufe cha nguvu

Barua za safari hii zinafanana kama mapacha: leza haikati, nimeongeza nguvu, bado haikati. Nimechagua chache.

Nilinunua leza ya diodi ya wati 40. Plaiwudi ya mm 3 naipitisha mara nne na bado haiachii. Nimetapeliwa? (Msomaji, Mukono)

Umesoma boksi vibaya, ingawa aliyeliandika alijua utalisoma hivyo. Zile wati 40 za herufi kubwa mara nyingi ni umeme unaoingia kwenye moduli, yaani kichwa cha leza. Mwanga unaotoka, ambao ndio unaokata, huwa wati 5 hadi 10 tu. Tafuta nguvu ya mwanga kwenye karatasi ya vipimo. Ikiwa ni 10, anzia mwendo wa mm 200 hadi 300 kwa dakika. Ukiwa na hewa nzuri, mm 3 hukatika kwa mpito mmoja. Ikiwa ni 5, mipito miwili hadi minne ni kawaida yake, wala usiilaumu.

Sasa safisha kile kioo kidogo cha chini ya kichwa. Moshi wa plaiwudi una lami. Ikiganda pale, kioo hunyonya mwanga, hupata joto, mwisho hupasuka. Tumia alkoholi ya isopropili na kijiti cha pamba. Si waragi, tafadhali: ina maji mengi mno. Na fokasi (pale mwanga unapokusanyika kuwa nukta) ya kuchonga si ya kukatia. Kwa kuchonga unalenga uso wa ubao. Kwa kukata shusha kichwa mm 1.5 ili ncha ya mwanga ifike katikati ya mm 3. Ukishavuka mpito wa tano unatengeneza makaa, hukati tena.

Feni ya kompyuta inatosha kwa hewa? (Msomaji, Mbale)

Haitoshi. Feni hutawanya moshi. Wewe unahitaji hewa inayopuliza ndani ya mkato kupitia pua nyembamba. Pampu ya lita 30 kwa dakika inafaa mashine ndogo. Ukiunganisha kompresa ya fundi rangi, weka kwanza kichujio cha maji na mafuta, la sivyo utakuwa unapaka lenzi mafuta.

Mashine yangu ya CO2, ile yenye tyubu ya gesi na vioo, inakata vizuri kona ya nyuma kushoto, karibu na kioo cha kwanza, lakini kona ya mbele kulia inaacha alama tu. Nibadilishe tyubu? (Msomaji, Jinja)

Usinunue chochote. Tyubu iliyochoka inachoka kona zote. Yako ni vioo vimepinda, mwanga unakosa njia kadiri unavyosafiri mbali.

Bandika utepe wa karatasi wa wapaka rangi mbele ya kioo cha pili. Piga leza kidogo sana kwa nguvu ndogo, mfuniko umefungwa, kioo hicho kikiwa karibu na cha kwanza, kisha kikiwa mbali. Nukta mbili zisipoangukiana, rekebisha skrubu za kioo cha kwanza. Hapo ndipo uende kwenye kichwa: kisogeze kushoto, kisha kulia, na urekebishe kioo cha pili. Wengi huanza na cha mwisho kwa sababu kiko karibu na mkono, wakamaliza siku nzima. Mwisho fungua lenzi uone kama upande wenye tumbo unatazama juu. Wanaosafisha lenzi huirudisha kichwa chini mara nyingi kuliko wanavyokiri.

Nimefikisha miliampia 22 kwenye tyubu ya wati 40. Nipandishe tena? (Msomaji, Arua)

Shusha hadi 15. Unaila tyubu.

Plaiwudi mbili nilizonunua Ndeeba, zote mm 4, moja inakatika na nyingine inagoma. Kwa nini? (Msomaji, Kampala)

Hatimaye swali lenye akili. Angalia ukingo wa ubao. Mstari wa gundi ukiwa mweusi au kahawia iliyoiva, hiyo ni gundi ya fenoli, iliyotengenezwa kuvumilia mvua. Leza huigeuza makaa, na makaa hukinga tabaka la chini. Gundi nyeupe ya matumizi ya ndani hukatika kwa urahisi zaidi. Ile plaiwudi yenye utando mweusi ya kumiminia zege iache kwa mafundi ujenzi.

Pima unene kwa venia, usiamini mdomo wa muuzaji. Ubao mwembamba umulike tochi kali kwa nyuma: madoa meusi ni vifundo au viraka vya gundi, na mkato utakwama hapo hapo. Ssebo, ubao ulioegeshwa ukutani miezi ya mvua umenyonya maji na kujikunja. Ukiinuka mm 2 katikati, fokasi imekwenda. Uhifadhi umelala, juu ya vipande vya mbao, usiguse sakafu ya sementi. Wakati wa kukata ubane kwa sumaku.

Asubuhi inakata, baada ya nusu saa inaanza kuacha. (Msomaji, Gulu)

Maji yanayopoza tyubu yako yamepata moto. Jerikeni ya lita 20 haidumu kwenye joto la Gulu. Weka kipimajoto ndani, kaa kati ya nyuzi 18 na 24, tumbukiza chupa za barafu zilizofungwa. Usizidishe baridi: tyubu ikitoka jasho, umeme wake wa maelfu ya volti hutafuta njia nyingine. Tumia maji ya betri, si asidi, wala maji ya bomba.

Naweza kukata plastiki ya PVC kwa leza hiyo hiyo? (Msomaji, Entebbe)

Hapana. Moshi wake ni asidi, kwa mapafu yako na kwa reli za mashine.

Naomba setingi za plaiwudi. (Wasomaji wengi, kila wiki)

Plaiwudi ipi? Unene gani? Leza gani, lenzi gani? Kata miraba ya mm 10 kwenye kipande cha ubao huo huo, nguvu ikiwa ile ile, kila mraba ukipunguza mwendo kidogo. Ule wa kwanza kudondoka wenyewe ndio setingi yako, kwa ubao huo tu. Na usiondoke chumbani ukiuacha unakatwa.