Wapima presha mlangoni: maswali ya wasomaji

Mwaka 2012 Tanzania Bara, kisha mwaka 2015 Kenya, zilipima vihatarishi (mambo yanayoongeza hatari) vya magonjwa yasiyoambukiza kwa utaratibu wa STEPS wa Shirika la Afya Duniani: kwanza mahojiano, halafu vipimo vya mwili, mwisho vya maabara. Haya ni baadhi ya maswali yanayoulizwa sana.

Mimi ndiye mwenye presha humu ndani. Mbona walimpima mdogo wangu?

Hawakuja kutafuta wagonjwa. Mdadisi huorodhesha wanakaya wote wa umri unaotakiwa (Kenya ilikuwa miaka 18 hadi 69, Tanzania 25 hadi 64), kisha mmoja huchaguliwa kwa bahati nasibu. Mkiachiwa mjichagulie, nyinyi mtakutoa wewe, jirani atamtoa bibi anayeumwa miguu, na nchi itaonekana mgonjwa kuliko ilivyo. Ndiyo maana aliyechaguliwa akiwa kazini hawekewi mbadala. Mdadisi hurudi jioni au Jumapili. Ukipima tu wanaokutwa nyumbani saa nne asubuhi, umewaacha makuli, madereva na wauza maduka.

Kwa nini presha mara tatu? Mashine mbovu?

Hapana. Kipimo cha kwanza mara nyingi huwa juu kwa sababu mgeni kaingia, watoto wanachungulia, na wewe ndiyo kwanza umetoka kuteka maji. Unaketi dakika 15, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu haijapishana, mkono mezani usawa wa moyo. Kila kipimo kinapishana na kingine kwa dakika tatu, na hesabu ni wastani wa cha pili na cha tatu. Cha kwanza hakiingii.

Kosa baya zaidi ni la mkanda wa mashine unaofungwa mkononi. Saizi ya kati ni ya mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mfunge mama mwenye mkono wa sentimita 36 mkanda huo huo, na presha itasoma juu kuliko ilivyo, halafu ripoti iseme wanene wana presha zaidi ya waliyo nayo kweli. Mdadisi aliyeacha mkanda mkubwa garini hastahili kupima. Sweta nalo livuliwe. Kulikunja hadi kwapani kunabana mkono.

Nilikunywa chai kabla ya kuchomwa kidole. Niseme?

Sema. Kizingiti cha kisukari, milimoli 7 za sukari kwa lita, ni cha mtu aliyelala bila kula. Chai ya sukari inaweza kukuvusha, na utahesabiwa mgonjwa. Maji matupu hayana neno. Wakupangie asubuhi nyingine.

Watu wapatao 4,500 wanaisemeaje Kenya nzima?

Walitoka katika maeneo 200, mjini na vijijini, kaya 30 zikichaguliwa kila eneo, ingawa si zote zilizopata mtu wa kujibu. Baadaye majibu hupewa uzito: aliyechaguliwa katika nyumba ya watu wazima sita anasimama badala ya sita, anayeishi peke yake anasimama kwa mmoja. Lakini usiikamue sampuli hiyo ikupe takwimu za kaunti yako. Haina watu wa kutosha huko, na anayekutajia asilimia ya kaunti kutokana nayo anakisia tu.

Si wachukue tu rejista za hospitali?

Rejista inamjua aliyefika. Utafiti huo wa Kenya ulikuta asilimia 56 ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha maishani, na kwa sukari ilikuwa karibu asilimia 88. Hao ndio hasa wanaofuatwa mlangoni.

Nilionyeshwa picha za chupa na vikombe. Za nini?

Kila anayekunywa husema "kidogo tu". Kinywaji kimoja cha kawaida huhesabiwa gramu 10 za kilevi, na kopo la busaa si sawa na toti moja ya konyagi. Unaonyesha chombo chako kwenye picha, hesabu inafanywa na wao.