Kibodi ya vipande viwili: nilivyojiundia Mbeya, na kwa nini herufi A niliihamishia kwenye gumba

Mkuu, umeuliza kama kibodi ya mekanika iliyogawanyika, kipande kwa kila mkono, inaweza kuundwa hapahapa Mbeya au ni lazima uagize iliyo tayari. Inawezekana. Hii ninayoandikia jibu niliifunga nyaya mwenyewe mezani kwangu Soweto ya hapahapa Mbeya, na mafundi walionipa mkono wote ni wa mjini humu.

Mimi nilisukumwa na maumivu. Nilikuwa nachapa kazi za wanafunzi kwenye steshenari kutwa nzima, na ikifika jioni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kinawaka moto. Nilidhani ni baridi ya Juni. Siku moja nikatulia nikaangalia ninachokichapa: Kiswahili kimejaa a. Barabara, mahali, wanakata, akapanda. Na kwenye QWERTY, mpangilio uliotungwa Marekani miaka ya 1870 kwa ajili ya mashine za taipu, a imekaa chini ya kidole hichohicho kidogo. Q na x, ambazo maneno yetu hayazitumii kabisa, kila moja ina kitufe chake, na c haitembei bila h. Kwa hiyo kugawanya kibodi peke yake kusingenisaidia. Ilibidi nipange upya na herufi.

Kabla hujanunua hata swichi moja, kile kifaa kidogo kinachokaa chini ya kila kitufe, chukua karatasi ya A4. Weka kiganja kama unavyokipumzisha, tia nukta pale ncha ya kila kidole inapoangukia, kisha kunja na kunyoosha vidole utie nukta za safu ya chini na ya juu. Utaona hazikai kwenye mstari mmoja. Cha kati kinapanda, cha mwisho kinashuka, na kwangu tofauti ilikuwa karibu milimita 15. Kati ya swichi na swichi acha milimita 19.05, kipimo cha kawaida kwa swichi za aina ya Cherry MX. Mimi nilibandika vifuniko vya vitufe juu ya kadibodi nikakaa nayo siku tatu nikichapa bila umeme wowote. Nafasi za gumba nilizibadilisha mara nne kwenye kadibodi ile, na hakuna kilichoniokolea pesa kuliko hicho.

Bamba la kushikia swichi nilikatiwa na jamaa wa mabango, akriliki ya milimita 3. Tundu la swichi ni milimita 14 kwa 14, nami nikachora 14 kamili. Mwale wa leza hula ukingo kidogo, matundu yakatoka mapana, swichi zikawa zinacheza. Tena meno ya swichi hizi yametengenezwa yashike bamba la milimita 1.5, kwa hiyo kwenye 3 hayakushika kitu. Bamba la pili nilichora 13.9 na kuzigandisha kwa gundi ya moto. Hadi leo hazijatikisika.

Kwenye ubongo wa kibodi ndipo nilipopata hasara. Nilianza na Pro Micro, kibao kidogo chenye chipu kinachosoma vitufe, nikaunganisha vipande viwili kwa waya wa sauti wa pini tatu: umeme, ardhi na data. Usiku mmoja nikauchomoa waya huo huku kibodi ikiwa bado kwenye kompyuta. Ncha ya plagi inapotoka hupita ikigusa miguso ya jirani, umeme ukakutana na ardhi, na kipande cha kulia kikafa palepale. Chomoa USB kwanza, kila mara. Nikahamia Raspberry Pi Pico, iliyotoka 2021, nao ndio ninaokushauri. Una pini 26 za kazi, na kama kila mkono una Pico yake na vitufe 18 kama wangu, kila kitufe kinapata pini yake bila dayodi hata moja, yaani kile kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Dayodi ni za matriki, pale vitufe vinaposhirikiana nyaya za safu na nguzo. Bila dayodi, ukibonya vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili, cha nne nacho kinajitokeza kama umekibonya. Ukienda njia hiyo, mstari mweusi kwenye dayodi za 1N4148 uelekee upande uleule kote. Fundi simu wa Kabwe aliyeniazima chuma cha kulehemu aliigundua yangu moja iliyogeuka kwa kuitazama tu.

Programu ni QMK, ya bure, na inakaa ndani ya kibodi yenyewe. Kwa hiyo naibeba hadi steshenari, naichomeka kwenye kompyuta yoyote, na mpangilio wangu unakuja nayo bila kusakinisha chochote. A niliipa gumba la kushoto, na kitufe cha kuachia nafasi kati ya maneno nikakipa gumba la kulia. Wazo si geni: kibodi za Maltron za Uingereza ziliipa gumba herufi e tangu miaka ya 1970, kwa kuwa ndiyo inayojirudia zaidi kwenye Kiingereza. Ng' ilinisumbua. Kwanza niliamuru n na g zikibonywa pamoja zitoe ng', ikaniharibia ngoma, nguo na ng'ombe pia, maana QMK huhesabu vitufe viwili kuwa pamoja vikifuatana ndani ya milisekunde 50, na vidole vyangu hupita hapo haraka. Sasa ng' nzima imekaa kitufe kimoja, kwenye kiti cha zamani cha a. Vidole vilichukua wiki tatu kuzoea, na wiki ya kwanza nilichapa polepole kama mtoto. Kidole cha mwisho hakijaniuma tena tangu hapo.

Kasha nilichongewa na seremala wa Uyole kwa mabaki ya paina. Toboa kwanza kabla ya skrubu, paina hupasuka.

Bodi ya kuchapishwa, ubao ambao nyaya zake zimechapwa juu yake, iache kwa kibodi ya pili. Ukifika huko, ichore kwenye KiCad, programu ya kuchorea bodi, iweze kugeuzwa, ubao mmoja ufae mikono yote miwili, kwa kuwa viwanda vingi vya China hukuuzia tano kwa uchache na hizo zinatosha kibodi mbili.

Ukishatia nukta kwenye A4 yako, piga picha uiweke hapa na rula pembeni, tuangalie gumba lako linaangukia wapi kabla hujakata kitu.