Miti Ni ya Jirani, Mama

SWALI: Fundi, habari yako. Tunaishi ghorofa ya tatu karibu na steji, mjini Nakuru. Makanga huanza kuita abiria kabla hakujapambazuka, saa ileile mume wangu anaporudi kutoka zamu ya usiku akitafuta usingizi. Watoto ni wawili, wa miaka sita na mitatu. Milimani tuliuliza kodi tukarudi kimya. Sasa tumeona nyumba Kiamunyi: kumetulia, miti pande zote, na ina kisima chake cha mashine. Wifi yangu anasema heri Lanet. Tufanyeje? – Mama Wawili

JIBU: Mama Wawili, nimezibua sinki za Nakuru tangu ikiitwa mji, miaka mingi kabla ya kupewa hadhi ya jiji mwaka wa 2021, kwa hivyo utanisamehe nikianza na maji.

Kisima umekitaja kama sifa. Huku Bonde la Ufa maji ya chini hupita kwenye miamba ya volkeno yakabeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vyetu hupita hapo. Huyo wa miaka mitatu, meno yake ya ukubwani yanaumbika sasa hivi ndani ya ufizi. Akinyweshwa maji hayo, yataota na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Mimi mwenyewe picha za harusi yangu nimefunga mdomo. Na usidanganyike kuchemsha: maji yanapungua, floraidi inabaki palepale. Mwombe mwenye nyumba karatasi ya maabara. Akikujibu kwamba watu wote wanayanywa, mwangalie meno.

Karatasi ikiwa mbaya, nyumba si lazima muiache. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imevishughulikia kwa miaka mingi. Mimi lakini napenda mabati na tangi, maana maji ya mvua hayana shida hiyo. Tangi la lita 5,000, mkichota lita 20 kwa siku za kunywa na kupika tu, litawafikisha miezi minane. Kufua na kuoga, tumieni ya kisima.

Sasa hiyo miti. Simama ndani ya geti uhesabu iliyo upande wenu wa ua. Iliyobaki ni ya jirani, na jirani ana mipango yake. Nilipohamia Kiamunyi nilivutwa na msitu mdogo wa migrevilea nyuma ya jikoni. Ndege walikuwa wakiniamsha. Mwaka wa pili mwenye ploti akaja na msumeno wa petroli. Leo hapo pana ghorofa, na mpangaji wa juu anajua rangi ya taulo yangu.

Kilichoniumiza zaidi ni ule mwaka wa kujenga. Mume wako hulala mchana, mama. Kinachomnyima usingizi pale hakitakuwa makanga, kitakuwa nyundo za mafundi wa mawe na lori linalomwaga kokoto saa tatu asubuhi. Ploti tupu ni kimya cha kuazimwa.

Lanet siikatai, ila ukiwa karibu na barabara kuu ya Nairobi utasikia malori usiku na mchana. (Huyo wifi anaishi wapi? Nashuku ni Lanet.)

Nyumba ya Kiamunyi msiilipie bado. Nendeni siku ya kazi, saa nne asubuhi, kwa matatu wala si kwa gari la dalali, na mkiweza iwe mvua imenyesha jana yake, maana vumbi letu likilowa boda hazipandi. Zungukeni mtaa mkihesabu marundo ya mchanga. Waulizeni majirani kama ardhi imewahi kupasuka au kutitia wakati wa masika, maana udongo wetu una tabia hiyo. Kisha mume wako atoke pale saa moja jioni kama anayekwenda zamu, tuone atapata gari baada ya dakika ngapi.

Marundo yakiwa mawili matatu, hamieni. Yakizidi kumi, niandikie tena, kuna nyumba za zamani kule Section 58 ambazo mabomba yake nayajua.