Kabla maji hayajajaa

SWALI: Shikamoo ami. Mimi ni fundi wa vyombo hapa Matondoni. Juma lililopita tulipweleza jahazi, yaani tuliliacha likae mchangani maji yakipwa, ili tulikalafati (tuzibe nyufa za mbao) na kulipaka deheni, mafuta ya kukinga mbao. Mnamo saa nne asubuhi, maji yamekupwa, gadi (nguzo ya kuliegemeza) ya upande wa tezi, yaani nyuma, iliteleza, jahazi likalala na kumbana mwenzetu mguu. Tulimtoa, akapelekwa hospitali Lamu mjini kwa boti. Mwenye chombo akatuhimiza tulisimamishe kabla maji hayajajaa, basi tukachomoa gadi zote tukatia nyingine. Nina picha mbili tu kwenye simu. Sasa twaambiwa mwenzetu ndiye aliyeigonga ile gadi. Tungefanyaje, na sasa tufanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mfikishie mwenzenu pole yangu.

Kumtoa kwanza mlifanya sawa. Mtu akiwa chini ya chombo, cha kuhifadhi ni roho yake, hata ikibidi kukata kamba na kusukuma gadi. Baadaye mwasema tu ni kipi mlichokisogeza ili kumwokoa.

Linaloniuma ni hiyo haraka iliyofuata, kwa kuwa nami niliifanya. Nilipokuwa msimamizi wa karakana, kijana mmoja aliangukiwa na ubao uliokuwa ukipandishwa kwa kamba. Nilichukua ufagio mwenyewe, nikafagia damu na vipande vya kamba, nikidhani namsitiri mamake asije akaviona. Kamba ile ilikuwa imeoza. Ilipokuja kuulizwa haikuwapo, likabaki neno la tajiri (mwajiri) na neno la kijana aliye kitandani. Bado namwona akichechemea kwenda msikitini, na kila mara naukumbuka ufagio ule.

Kwenye mjengo ungezungusha kamba, ukaweka mtu wa kuzuia watu wasipite mpaka wakaguzi waje. Pwani yetu haina hiyo nafasi. Maji yakishakupwa una saa sita hivi kabla hayajajaa tena, na siku za bamvua yanafika juu kabisa. Kwa hiyo paandikeni mahali hapo kabla bahari haijapafuta. Picha za mbali kwanza, kutoka omo (mbele), tezi na mbavu zote mbili, kisha za karibu, na kipimo kimelazwa kando. Kila gadi ipewe namba kwa mkaa. Pimeni umbali wake na mkuku (mti wa chini kabisa wa chombo), na shimo lililoachwa na mguu wake lina kina gani, maana gadi iliyodidimia mchangani haiachi shimo sawa na iliyogongwa ikaruka. Je, chini yake palikuwa na ubao? Hilo peke yake laweza kuamua kesi. Mkimaliza, zibebeni gadi zenyewe mpaka maji yasipofika. Hapo ndipo chombo kisimamishwe.

Picha zako mbili usizifute hata ukishazituma kwa WhatsApp, kwani nakala inayotumwa hupunguzwa na kupoteza kumbukumbu ya saa iliyopigwa. Iliyo kwenye simu ndiyo yenye nguvu.

Kwa sasa, leo hii, zitafuteni zile gadi za mwanzo. Hazijawa kuni bado, naomba. Waliokuwapo waandike kila mmoja peke yake alichokiona, kabla hamjakaa barazani mkakisimulia pamoja hadi kikawa kisa kimoja. Tena muulizeni tajiri kama ameripoti. Sheria za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri amwarifu ofisa wa usalama na afya kazini kwa maandishi ndani ya siku 7, mfanyakazi akiumia kazini. Angekufa, Mungu apishe mbali, taarifa ingetakiwa ndani ya saa 24, na polisi waitwe. Dai la fidia lina miezi 12 tangu siku ya ajali. Mwenzenu asingoje mguu upone ndipo aanze.

Na mkiipata ile gadi ya tezi, ikawa kweli ina alama ya nyundo, msiiparuze. Mpeni ofisa aione kama ilivyo, na mumwambie pia ni nani aliyeagiza igongwe.